Zege la New York na mafundi wetu wa Goba

Watu wa nyumbani wakiisifu Marekani husifu vitu viwili: hela na mfumo. Hela naiacha, kila aliyepo huku anaijua yake. Nataka kusema juu ya mfumo, yaani sheria na ofisi zinazomlinda mfanyakazi, maana hapa Jersey City, jirani na New York, hata sisi tuliokwisha kufika tunauongelea kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni, kwamba wenzetu ndivyo walivyoumbwa na kwetu hauwezekani. Mimi nalikataa jambo hilo, na riwaya moja imenipa nguvu ya kulikataa kwa sauti.

Inaitwa Christ in Concrete, ya Pietro di Donato, ilitoka mwaka 1939. Inahusu familia ya Kiitaliano, watu wa Abruzzo, waliohamia New York. Baba, Geremio, ni msimamizi wa mafundi. Anaona kabisa kwamba jengo halijaegemezwa vya kutosha, anamwambia bosi wake, Murdin. Bosi hataki kusikia, kazi iendelee. Geremio ana watoto wengi, mkewe Annunziata ni mjamzito, na nyumba waliyoidundulizia miaka nenda miaka rudi iko karibu kuwa yao. Atafanya nini? Anarudi kazini. Ijumaa Kuu jengo linaporomoka, na zege bichi linamfunika akiwa hai, akili zake timamu, akiita. Nilisoma kurasa zile nikasimama kwanza, nikatembea chumbani.

Di Donato hakuyatunga yote hayo. Alizaliwa 1911 West Hoboken, mji ambao leo ni sehemu ya Union City, jirani zetu kabisa. Baba yake alikuwa mwashi, na alikufa jengo lilipoanguka Ijumaa Kuu ya 1923. Mtoto, mkubwa kwa wenzake wote, akashika mwiko wa uashi akiwa na umri wa miaka 12 hivi ili wadogo zake wale.

Kinachoniuma zaidi katika riwaya ni kikao cha fidia. Sheria ilikuwepo. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi mwaka 1914, miaka mitatu baada ya moto wa kiwanda cha Triangle uliowaua watu 146, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano waliokuwa wakishona mashati. Na bado Annunziata, mjane mgeni, anakaa ndani ya ofisi ya serikali mbele ya watu waliovaa vizuri, wanaongea wao kwa wao, na upande wa kampuni unasema kosa ni la marehemu. Anatoka mikono mitupu. Mwanawe Paul anakwenda kuomba msaada kanisani, padri anampa kipande cha keki arudi nacho nyumbani. Wanaowasaidia kwa dhati ni majirani wa jengo lao, maskini kama wao, na mafundi waliofanya kazi na marehemu, wanaomfundisha Paul kupanga tofali wakati mwiko wenyewe unamlemea.

Hapo niliwaona watu wa kwetu. Huku mtu akifariki, kabla hata hospitali haijamaliza makaratasi yake, kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mhasibu keshapatikana, na michango ya kusafirisha mwili inaingia usiku kucha kutoka kwa watu wanaolea wazee, wanaoendesha malori, wanaobeba boksi. Wengi hawakumjua marehemu hata kwa sura. Wenyeji wanaostaajabia jambo hilo wangewauliza babu zao, maana Waitaliano nao walikuwa na vyama vyao vya kuzikana.

Kwa hiyo mfumo ninaoufaidi leo, kwamba nikiumia kazini kuna fomu ya kujaza na mtu wa kuipokea, umelipiwa. Umelipiwa na wahamiaji waliofukiwa, walioungua, waliogoma, na wajane waliorudi ofisini mara ya pili. Anayemwambia kijana wa Tanzania kwamba kwetu haiwezekani anamnyima habari hiyo.

Na kwetu yametokea. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Siku hiyo pia ilikuwa Ijumaa Kuu. Miaka 90 kasoro siku moja tangu kifo cha baba yake di Donato, na bado mtu maskini anakufa kwa kazi ya mwenye haraka.

Sheria tunayo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Lakini mdogo wangu ni saidia fundi. Anapandisha karai la zege juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba, miguuni kandambili, na jina lake haliko kwenye daftari lolote zaidi ya lile la mama ntilie. Nilimwambia amuulize mkandarasi kama wameandikishwa. Akanijibu, "Kaka, ukiuliza hivyo kesho huitwi." Ni yale yale ya Geremio. Sasa ananiuliza njia ya kuja huku, na simlaumu, ila akija bila makaratasi atakuwa kwenye jukwaa lile lile na mama yetu atakuwa mbali zaidi na mwili wake.

Halafu kuna sisi. Nyumba nyingi zinazoota pembezoni mwa Dar es Salaam, kule Goba, Bunju na Kigamboni, zinajengwa kwa hela ya ughaibuni. Tunatuma pesa, tunadai picha kila Jumamosi, tunabana bei ya ufundi hadi shilingi ya mwisho, tunauliza slabu inamwagwa lini. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani yuko chini ya slabu hiyo. Katika riwaya ile sisi tunajiona ni familia ya Geremio, na kweli ndivyo tulivyo tukiwa huku. Kule site, mwenye hela ni Murdin.

Wewe unayejenga mwaka huu, kabla hujatuma hela ya slabu, mwambie mkandarasi akutumie pia namba ya usajili wa WCF, majina ya vibarua wote, na picha ya mabuti na kofia ngumu walizovaa. Gharama yake iweke kwenye bajeti pale pale ulipoandika vigae.