Daktari, hayo mawazo anayapunguzaje?

Shangazi yangu ametoka hospitali na ushauri mmoja: apunguze mawazo. Basi. Kiuno kinamkata miezi na miezi, usiku hageuki kitandani bila kushika ukuta, eksirei imetoka safi, daktari akafunga faili. Hakuandika ayapunguze kwa miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba yule daktari hakukosea sana. Anayeumwa halali, na asiyelala huumia zaidi. Mwenye hofu hukaza misuli hata akiwa amekaa. Maumivu ya muda mrefu humwingiza mtu kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, na sonona nayo huyaongezea makali. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kinayaeleza maumivu kuwa ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja. Sasa kama ni hivyo, mbona hisia zikitajwa ndiyo mgonjwa anaonyeshwa mlango?

Henry Beecher, daktari wa Marekani aliyehudumia majeruhi Italia wakati wa Vita vya Pili, aliona jambo la ajabu: askari wengi waliojeruhiwa vibaya, wakiulizwa, walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Alivyoelewa yeye, kwa askari kile kidonda kilikuwa tiketi. Vita imekwisha kwake, anarudi nyumbani yu hai. Haya, njoo kwa shangazi. Kiuno kikikaza alfajiri, maana yake leo hakuna vitumbua. Hakuna vitumbua, hakuna hela ya kikoba, na wale wa mikopo ya kausha damu walishakuja mara ya mwisho wakaitazama friji kama watu wanaokadiria bei. Hayo ndiyo mawazo yenyewe. Ayapunguze kwa kumpigia nani simu?

Na eksirei safi isigeuzwe hukumu ya mahakama. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1994, waliwapiga MRI, picha inayoonyesha ndani ya mwili kuliko eksirei, watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski ya uti wa mgongo iliyotokeza. Picha mbaya inakaa kwa mtu mzima wa afya, halafu tunashangaa picha nzuri kukaa kwa anayelia?

Lakini hapa ndipo nilipochemka kabisa. Kumbe kabla ya hapo, kliniki nyingine ilimpa amitriptyline. Ni dawa ya zamani ya sonona, ambayo kwa dozi ndogo ya usiku hutumika pia kwa maumivu, hasa ya mishipa ya fahamu. Inawezekana kabisa aliyeiandika alikuwa na akili timamu kuliko wote. Ila hakumwambia neno. Shangazi akafika nyumbani, binti wa jirani akaiangalia kwenye simu, akamsomea kwa sauti: dawa ya sonona. Shangazi akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kushusha, "Kwa hiyo mwanangu, wameniona chizi?" Kipakiti kiko kabatini chini ya khanga, kimeandikwa 1x1 usiku kwa kalamu ya bluu, na hakijaguswa. Kila wiki ananunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa la mtaani, na sasa tumbo nalo limeanza kuwaka.

Wale wa mitandaoni mnaohubiri kwamba kila ugonjwa ni kinyongo, msinishangilie. Kansa haiondoki kwa kusamehe wakwe.

Najua foleni ilivyo. Najua daktari mmoja anaona watu mpaka jioni na chai yake imepoa mezani. Sawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande, maana ule muda wa kusema "punguza mawazo" ulipatikana. Sentensi ninayoitaka si ndefu: "Mama, maumivu yako ni ya kweli. Mishipa yako ya fahamu imekuwa mikali kupita kiasi, na kukosa usingizi na hofu vinaichochea. Dawa hii hupewa wenye sonona pia, lakini kwako ni ya kutuliza mishipa na kukupa usingizi. Na hapo chumba cha pili kuna mtu wa kuongea naye." Nimeisoma kwa sauti, taratibu, kama ninavyoongea na shangazi. Haikufika nusu dakika.