Nani amsikilize mtoto: mashine au mkunga?

Katika leba hakuna karatasi inayotutia wasiwasi madaktari wa uzazi kama ile inayotoka kwenye mashine ya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto. Ina mistari miwili: juu mapigo, chini mikazo ya mji wa mimba. Mapigo yakiwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, tunatulia. Yakishuka na kuchelewa kurudi baada ya mkazo kupita, chumba cha upasuaji kinaanza kuandaliwa.

Tatizo ni kwamba madaktari wawili wakiitazama karatasi hiyohiyo wanaweza wasikubaliane. Mtoto akitolewa kwa upasuaji huku analia kwa nguvu, tunasema tumemuwahi. Huenda hata hakuwa hatarini.

Majaribio yaliyolinganisha mashine inayofuatilia mfululizo na usikilizaji wa vipindi, yaani mkunga kuyasikiliza mapigo mwenyewe kila baada ya muda fulani, yalihusisha wanawake zaidi ya 37,000, na matokeo yake hayampi yeyote ushindi. Kwa mashine, degedege kwa watoto wachanga hupungua kwa karibu nusu. Vifo na mtindio wa ubongo havipungui, na upasuaji huongezeka kwa takriban asilimia 60. Degedege hizo ni nadra, ila kovu la upasuaji hubaki, na mimba inayofuata hukaa nalo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri mashine isitumike mfululizo kwa mwanamke mwenye afya njema ambaye uchungu umemwanza wenyewe.

Nakubaliana nalo, ila kwa sharti ambalo watetezi wa fetoskopu, kile kifaa cha mkono cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, hulipitia haraka mno. Usikilizaji wa vipindi ni kazi: kila dakika 15 hadi 30 njia inapofunguka, kila dakika 5 mama anaposukuma, na kila mara kwa dakika nzima, mkono ukiwa tumboni kuupima mkazo. Katika jaribio kubwa la Dublin, lililochapishwa mwaka 1985 na kuhusisha karibu wanawake 13,000, kila mama alikuwa na mkunga wake. Mkunga mwenye kina mama sita peke yake hawezi ratiba hiyo. Ataandika 140 kwenye chati kwa mazoea tu (nani hajaiona chati ya namna hiyo?), na hapo hoja yote ya utafiti inaanguka.

Kwa mwenye shinikizo la damu la mimba, kovu la upasuaji, mtoto aliyedumaa tumboni au dripu ya kuongeza uchungu, sibishani: afungwe mashine. Ila bajeti ikitosha kimoja tu, mashine nyingine au mkunga wa zamu ya usiku, nitamchagua mkunga. Mashine yenyewe inamhitaji. Mkanda ukiteleza, inaweza kunasa mapigo ya mama na kuyachora vizuri kana kwamba ni ya mtoto, na atakayegundua ni yule aliyeshika kifundo cha mkono wa mama akahesabu.