Alibadilishiwa vidonge, hakuelezwa habari ya damu

Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitatu, na mtoto anayemnyonyesha hajatimiza mwaka. Alikuja kwangu Jumapili, akatoa pakiti ya vidonge vya kuzuia mimba kwenye mkoba, akaiweka mezani na kusema, "Dada, nilifanya kama nilivyozoea." Vidonge saba vya mwisho vilikuwa bado vimo, hata karatasi yake ya nyuma haijaguswa.

Kabla ya kujifungua alikuwa akitumia vidonge vya majira vya pakiti ya 28, yaani 21 vya dawa na saba vya kahawia, ambavyo ni madini ya chuma tu. Hivyo saba alikuwa akiviacha, damu ikaja, kisha akaanza pakiti mpya kwa siku yake, na hakuna kilichoharibika. Alipojifungua akabadilishiwa, na kubadilishiwa kwenyewe kulikuwa sahihi, kwa kuwa mama anayenyonyesha mtoto mchanga hupewa vidonge vyenye kichocheo (homoni) kimoja. Pakiti aliyopewa ilikuwa na vidonge 35, vyote rangi moja, vyote dawa, bila wiki ya mapumziko. Aliyempa alimwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi, akaita mwingine. Miezi ikapita bila hedhi, jambo la kawaida kabisa kwa mama anayenyonyesha na kumeza vidonge hivyo, lakini jirani akamwambia kwamba damu isiyotoka hujaa tumboni na kugeuka uvimbe. Basi mdogo wangu akawa anaacha vidonge vya wiki ya mwisho ili kuipa damu nafasi ya kutoka. Mtoto alipoanza uji na kunyonya kukapungua, mimba ikaingia.

Sina hasira na jirani, kwa sababu jirani alisema anachokiamini, na alikuwa mtu pekee aliyezungumza habari ya damu. Hasira yangu ni kwa utaratibu unaompa mwanamke dawa itakayobadilisha hedhi yake bila kumwambia kuwa itabadilika. Tumesikia habari za uzazi wa mpango tangu enzi za Nyota ya Kijani, ile nembo ya uzazi wa mpango. Tumefundishwa kuhusu mimba, lakini damu, ambayo ndiyo mwanamke anaiona kwa macho yake kila mwezi, imeachiwa wanawake waelezane kisimani na saluni.

Damu haijai popote. Hedhi ni utando wa ndani wa mji wa mimba uliojijenga kumpokea mtoto, kisha ukabomoka kwa kuwa mtoto hakuja. Vidonge huufanya utando huo ubaki mwembamba, na pasipojengwa kitu hakuna cha kubomoka; ndiyo maana damu hupungua, ikawa matone, au ikakosekana. Hata ile inayokuja wakati wa vidonge vya kahawia si hedhi yenyewe, bali ni mwili kuitikia kukatika kwa dawa. Vidonge vya kwanza vya kuzuia mimba viliidhinishwa Marekani mwaka 1960, na wiki ile ya damu iliwekwa ili mwezi wa mwanamke ufanane na aliouzoea. Mwaka 2019 wataalamu wa afya ya uzazi wa Uingereza waliandika katika miongozo yao kwamba mapumziko hayo ya siku saba hayana faida kiafya. Wanawake wetu wanaendelea kuisubiri damu ile kama cheti cha uzima.

Kuna pia matone ya katikati ya mwezi, ambayo huwasumbua wengi katika miezi mitatu ya mwanzo ya kidonge kipya, kisha mara nyingi hutulia. Kwetu Tanga matone hayo si jambo dogo. Mwanamke huamka alfajiri, akaona doa, asijue kama asali au asisali, kama saumu yake ipo au imevunjika. Na kwa aliyeanza vidonge kwa siri, doa hilo linaweza kumfichua kwa mumewe. Ustadhati, mwalimu wake wa dini, anaweza kumweleza tofauti ya hedhi na istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, lakini hawezi kumweleza kidonge kinafanya nini.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba muuguzi mmoja mwenye benchi zima la kina mama na watoto wanaolia hana nafasi ya kutoa somo. Nakubali pia kwamba si kila mabadiliko ya damu ni ya kupuuzwa: damu nyingi kupita kiasi, damu baada ya tendo la ndoa, au damu kukosekana kwa aliyeruka vidonge, hayo yanahitaji kipimo. Lakini mdogo wangu hakuhitaji somo. Alihitaji kuambiwa, "Mama, hivi sivyo ulivyovizoea, meza vyote, kila siku saa ileile, usipumzike. Damu inaweza isije, nayo haijai tumboni." Maneno hayo hayamalizi hata dakika moja.

Ameniomba nimsindikize atakapojifungua na kurudi kuchagua njia. Nitakwenda, nitaketi naye kwenye benchi, na hatutaondoka mpaka ameelezwa kidonge kwa kidonge, pakiti ikiwa imefunguliwa mezani.