Kikohozi cha kipupwe na vichwa vya habari vya kutisha

Kipupwe kikiingia Kusini mwa Tanzania, kati ya Juni na Agosti, mafua hupanda na vichwa vya habari hupanda nayo: "Ugonjwa wa ajabu", "Kirusi kipya chatikisa".

Wanaotetea kelele hizo wana hoja. Julai 2022 watu wa Ruangwa, Lindi, walipougua homa, kuumwa kichwa na kutokwa damu puani, "ajabu" lilikuwa neno la haki, maana vipimo vya Ebola, Marburg na Uviko vilirudi hasi. Tarehe 18 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akataja jina: homa ya mgunda (leptospirosis, ugonjwa wa bakteria), wagonjwa 20, vifo 3. Baada ya hapo kuendelea kuuita wa ajabu ni kuuza hofu.

Habari ya HMPV, kirusi cha njia ya hewa, ya Januari 2025 haina utetezi. Kiliitwa kirusi kipya cha China, ilhali kiligunduliwa Uholanzi mwaka 2001, na karibu kila mtoto hukipata kabla ya miaka 5.

"Wagonjwa waongezeka maradufu" nayo huenda ni kutoka 4 kwenda 8. Julai ilinganishwe na Julai iliyopita, si na Machi. Tena huku kwetu kuna salfa: Newala na Tandahimba hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ya mkorosho, kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mkorosho. Vumbi lake huwasha macho na koo. Anayekohoa shambani bila homa huenda hana kirusi chochote (barakoa ingemfaa kuliko dawa).

Hofu ina gharama: mzazi hukimbilia duka la dawa kununua amoksilini nusu dozi, na mafua ya virusi hayasikii antibayotiki. Ila kumwambia "ni mafua tu" ni hatari vilevile, kwa sababu nimonia huanza hivyohivyo.

Kinachokosekana kwenye habari hizo ni saa, ya kuhesabia pumzi za mtoto. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mpandishe nguo, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi. Miezi 2 hadi 11, 50. Mwaka 1 hadi 5, 40. Zikifika hapo kwa umri wake, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au midomo ikigeuka bluu, usipoteze muda kuhesabu, tafuta bodaboda.