Kompyuta Yangu Haiumwi

Kwa miaka mitatu niliwasimanga watu wa Windows. Mpwa wangu akisema anasasisha antivairasi yake, mimi huyo nacheka: "Mjomba, nunua kompyuta kama yangu. Hii haiumwi." Utadhani nimeiunda mwenyewe.

Siku ya siku nikawa natafuta mpira wa kutazama bure. Tovuti ikaniambia programu yangu ya video imezeeka, nibonyeze nipate mpya. Nikabonyeza. Kikaja kidirisha kinaomba nywila. Nikaikosea. Kikaomba tena, kwa adabu tu. Safari hii nikavaa miwani, nikaiandika herufi moja moja, kama natunga uzi kwenye sindano. Kikakubali. Nikajiona fundi. Mpira wenyewe sikuuona.

Kesho yake tukawa na kikao cha mtandaoni. Bosi akasema, "Tuonyeshe zile hesabu." Nikawaonyesha skrini yangu, nikafungua kivinjari, likaruka tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Nikalifunga, yakaja mawili. Sasa, bosi wetu ana kipara kinachong'aa, na kamera yake huwa ameiweka juu kidogo. Watu kumi na mmoja wakazima vipaza sauti kwa mpigo. La tatu likaanza kuongea lenyewe: "Usione haya!"

Jioni nikampelekea mpwa mgonjwa wake. Akapekua, akatikisa kichwa.

"Mjomba, hapa hakuna aliyevunja mlango. Mwizi amebisha hodi, ukakosea ufunguo, ukarudi ndani kutafuta ulio sahihi."

"Lakini hii si Windows!"

"Kwani virusi vimeletwa na Windows? Kirusi cha Elk Cloner kilisambaa kwa disketi mwaka 1982, kwenye kompyuta za Apple II. Windows ya kwanza imetoka 1985."

Akanishushia somo: kompyuta yoyote kazi yake kutii programu, ukishaipa ruhusa, haiulizi hiyo programu ina roho gani. Windows inaandamwa zaidi kwa kuwa watumiaji wake ni wengi, na mvuvi hatupi nyavu kwenye beseni. Matundu nayo yako kila mfumo, maana yote imeandikwa na binadamu. Nikamwambia hotuba aiweke, afute hilo dude.

Akafuta. Mimi na ukaidi wangu nikahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Wiki haijaisha, nimeshaanza tena: "Huku nilipo sasa, virusi havipandi."

Mpwa akaniuliza kama nilisikia ya Februari 2016, wavamizi walipoingilia tovuti ya Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, wakawaelekeza watu kupakua nakala iliyowekwa mlango wa uani, wa kuwapitisha wezi kwa siri. Watu wakauweka mfumo mpya kwenye kompyuta zao na ugonjwa wake ndani.

"Na yako, Mjomba, umeipakua wapi?"

Nikakohoa. Ile tovuti ya mpira, pale pembeni, ilikuwa na kiungo.