Damu Nyeusi, Damu Nyekundu: Vampire Knight Kati ya Kitabu na Skrini

Mtoto wa kike yuko peke yake kwenye theluji. Vampaya mwenye njaa anamwinamia, na kabla hajamuuma anatokea kijana mwingine, naye ni vampaya, anamuua yule wa kwanza na kumnyooshea mtoto mkono. Huyo mtoto ni Yuki Cross, na nyuma ya siku hiyo hakumbuki kitu. Maisha yake yote yanaanzia kwenye rangi mbili: weupe wa theluji na wekundu wa damu.

Hivyo ndivyo inavyofunguka Vampire Knight, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Matsuri Hino iliyoanza kutoka kwenye jarida la LaLa la Japani mwishoni mwa mwaka 2004 na kumalizika 2013, ikiwa na majuzuu 19. Lakini manga huchapwa kwa wino mweusi. Ukifungua ukurasa ule, wekundu haupo. Damu ni nyeusi, sawa na nywele za Yuki, sawa na usiku. Wekundu unausoma kwenye maneno, kisha unautia mwenyewe. Studio Deen walipoitengeneza anime, yaani katuni ya kutazamwa kwenye skrini, mwaka 2008, rangi ile ikaonekana kwa macho: doa jekundu katikati ya weupe, na macho ya vampaya yanayowaka mekundu kiu ikimzidi.

Naanza na jambo hili dogo kwa sababu ugomvi mkubwa wa mashabiki unahusu swali lile lile. Anime iliipa hadithi hii kitu, au iliipunguza? Wapo waliofika kwa mlango wa anime wanaosema ile ndiyo sura bora ya hadithi, na kitabu kilichoendelea mbele kiliharibu. Wapo waliosoma kitabu wanaoiona anime kama nusu ya nyumba: kuta zipo, paa hakuna.

Kwa asiyeijua, mambo yako hivi. Shule ya Cross ina madarasa mawili, la mchana la binadamu na la usiku la vampaya, ambao hunywa vidonge vya damu vilivyoyeyushwa kwenye maji ili wasiguse shingo ya mtu. Yuki, mtoto wa kulea wa mkuu wa shule, hulinda mpaka kati ya madarasa hayo pamoja na Zero Kiryu, kijana wa ukoo wa wawindaji. Wazazi wa Zero waliuawa na Shizuka Hio, vampaya wa damu safi, yaani wa ukoo usio na damu ya binadamu, naye Zero mwenyewe akaumwa, hivyo taratibu anageuka kile anachokichukia. Upande wa pili yuko Kaname Kuran, yule aliyemwokoa Yuki kwenye theluji. Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za mumiani atashtuka kidogo hapa. Mumiani wetu ni mtu wa biashara, anachukua damu akauze, hana habari na moyo wa mtu. Kwa Hino, kuuma ndiyo lugha ya mapenzi yenyewe: damu ya yule umpendaye peke yake ndiyo inayokata kiu.

Sasa tuwape haki yao watetezi wa anime. Chukua tukio la ngazini, pale Zero anapomkumbatia Yuki kwa nyuma na kumuuma kwa mara ya kwanza. Kitabuni unaona vidole vyake, jicho moja, nywele, herufi za mlio zimekatiza picha. Ni pazuri, ila unaweza kupapita kwa sekunde tatu. Kwenye anime huna ruhusa hiyo. Unalazimika kusikia pumzi, kusikia anavyomeza, na Yuki aliyetiwa sauti na Yui Horie anahangaika bila kupiga kelele. Kisha sehemu inaisha kwa "Still Doll" wa Kanon Wakeshima, mwanamuziki mpiga selo, wimbo wa polepole na wa baridi kama mwanasesere wa kauri. Nimeusikia mara nyingi nikiwa nafanya mambo mengine kabisa, na shule ile inarudi yote kichwani. Kitabu hakiwezi kufanya hivyo. Mamoru Miyano naye alimpa Zero hasira yenye aibu ndani yake, kiasi kwamba nikisoma majuzuu ya baadaye nasikia sauti yake.

Tatizo ni pale ilipokomea. Anime ina misimu miwili, ya pili ikiitwa Vampire Knight Guilty, yenye sehemu 13 kila mmoja, na yote miwili ilirushwa ndani ya mwaka huo mmoja wa 2008. Kitabu kilikuwa bado kinaandikwa. Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Guilty inaisha baada ya siri kufichuka: Yuki ni vampaya wa damu safi, wa ukoo wa Kuran, na Kaname anajulikana kuwa kaka yake. Yuki anaondoka na Kaname. Zero anaapa kwamba wakikutana tena atamuua Yuki. Mlango unafungwa, na hakuna msimu wa tatu uliofuata. Kuna wanaosema huo ni mwisho mzuri, mchungu na safi. Nakubali kwamba ni mzuri kuutazama. Sikubali kwamba ni mwisho. Yuki amechagua akiwa ndio kwanza ameijua damu yake mwenyewe, na mtazamaji hapewi hata siku moja ya kuishi na uchaguzi ule. Jambo zito kama kumpenda mtu uliyeambiwa ni kaka yako linaachwa linaning'inia, kana kwamba muziki umelimaliza.

Kitabuni halikuachwa. Tunakuja kujua kwamba Kaname si kaka, ni babu wa kale wa ukoo ule aliyeamshwa kutoka usingizini, jambo ambalo wengine wanaliona ni njia ya mwandishi kukwepa mzigo. Mimi naona linaongeza mzigo. Sasa pengo kati yao ni la maelfu ya miaka, na Yuki anaanza kuuliza kama aliwahi kupendwa kama mwenzi au alitunzwa kama kitu cha thamani. Siwezi kuficha kwamba nusu hii ya pili ina madhaifu ya kweli. Siasa za vampaya na chama cha wawindaji zinajazana, nyuso zinafanana, na kuna sura nzima Yuki amekaa tu akingoja habari. Aliyechoka njiani simlaumu.

Ila kungoja ndiko hadithi hii ilikokuwa inaelekea tangu theluji. Kaname anautupa moyo wake kwenye tanuru ili wawindaji wapate tena silaha za kuwakabili vampaya. Mwili wake unahifadhiwa. Yuki anaishi na Zero maisha marefu, kisha mwishoni anatoa moyo wake mwenyewe ili Kaname aamke akiwa binadamu. Wapo wanaolalamika kwamba Hino aliogopa kuchagua, akawagawia mashabiki wa pande zote mbili mtu wao. Lakini hesabu gharama: aliyempata mmoja alimpata kwa kumkosa mwingine, na anayeamka anaamka mtu wake hayupo. Kuna hadithi ambazo haziwezi kusimuliwa kwa haraka, na hii ni mojawapo.

Gemu ya Nintendo DS ya 2009 na tamthilia ya muziki iliyopanda jukwaani mwaka 2015 sina mengi ya kuzisema. Gemu ya mapenzi humpa mchezaji nafasi ya kuchagua, akikosea anarudia upya, na kurudia upya ndicho Yuki asichokuwa nacho hata mara moja.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Hino mwenyewe hakuona kwamba majuzuu 19 yametosha. Katika Vampire Knight Memories, manga ya mwendelezo, amerudi kwenye ile miaka mirefu ya katikati: Yuki na Zero wakiishi kwa taratibu, Ai ambaye ni binti wa Kaname, Ren mtoto wa Zero, na Kaname aliyeamka akisimuliwa maisha asiyoyashuhudia. Hakuna mapigano mengi humo. Ni watu wanaokaa pamoja wakijua mmoja wao atatangulia.