Kushuka Mallawi: gharama ya mgeni inamwangukia nani?

Treni ya kutoka Cairo kwenda Luxor, mji wa Misri unaojaa watalii, ikisimama Mallawi, watalii karibu wote hubaki vitini. Mji huu uko mkoa wa Minya, takriban kilomita 300 kusini mwa Cairo, umezungukwa na mashamba ya miwa, ngano na majani ya mifugo. Hauna piramidi. Barabara zake ni za punda, bajaji na pikapu zilizosheheni mavuno. Je, msafiri ashuke?

Wanaosema ashuke wana hoja nzito. Ng'ambo ya Nile yapo magofu ya Amarna, mji mkuu aliouanzisha Farao Akhenaten karne ya 14 kabla ya Kristo alipoamua kuliabudu jua, Aten. Hapo ndipo Wajerumani walipofukua sanamu ya kichwa cha Nefertiti mwaka 1912. Leo iko Berlin. Magharibi, Tuna el-Gebel, kuna mahandaki ya kwarara waliokaushwa kwa maelfu na kuzikwa kwa heshima ya mungu Thoth. Aghalabu unavitazama bila kusukumana na mtu.

Nami naongeza hoja ambayo Mswahili ataielewa upesi. Sokoni Mallawi hutakuwa bubu. Sita, saba na tisa zetu zinafanana na za Kiarabu chao, chai ni shai, sukari ni sukkar. Mkate Wamisri wanauita eish, neno la mzizi uleule uliotupa sisi "kuishi" na "maisha". Na molokhia iliyoko mezani ni majani ya jamii ya mlenda. Luxor, ambako muuzaji anakuwahi kwa Kiingereza, undugu huo haupati nafasi ya kujitokeza.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Miaka ya 1990 eneo hili lilikuwa kitovu cha mapambano kati ya serikali na makundi yenye silaha, na mwaka 2017 na 2018 mabasi ya Wakristo waliokuwa wakienda kuhiji katika monasteri moja mkoani Minya yalishambuliwa kwa risasi. Ndiyo maana wageni wengi huku wamekuwa wakisindikizwa na polisi. Wengine hulalamika kwamba askari wanawaharibia safari. Mimi namfikiria zaidi mwenyeji. Mgeni akiondoka, ameondoka na kero yake. Mkulima aliyemkaribisha ndiye anayebaki akiulizwa huyo alikuwa nani na alitaka nini.

Kuna pia suala la majira, ambalo husemwa kwa nadra. Miezi mizuri ya kutembea Misri ni ya baridi, na hiyohiyo ndiyo miezi ya kukata miwa. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii hapewi jembe hata siku ya kumi, na mkulima kwa ukarimu wake ataacha kazi amwandalie chakula. Mtalii akijaribu kulipa, huenda akamvunjia heshima mwenye nyumba. Kwa hiyo hoja kwamba safari za namna hii "zinasaidia wanakijiji" naiona dhaifu: fedha nyingi humfikia dereva na mwenye hoteli, gharama humwangukia mwenye shamba.

Pamoja na hayo, ningeshuka. Ningelala mjini, ningelipia usafiri na chakula kwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, na nyumbani kwa mtu ningeingia tu kama mwaliko umerudiwa. Kamera ningeifunga mbele ya wanawake walioko shambani. Askari akitaka kufuatana nami, tungefuatana.

Na ningeanzia makumbusho ya mji. Agosti 2013, katika ghasia za kisiasa, yaliporwa zaidi ya vitu 1,000, karibu kila kilichokuwemo. Vingi vilipatikana, na mwaka 2016 milango ikafunguliwa tena. Tiketi ya pale hailipwi kwa siku ya kazi ya mkulima yeyote.